Chumba Kisichoingiwa na Upepo

Mabati ishirini na mbili yaliondoka mchana kweupe, saa tisa, watu wakinywa chai. Hivyo ndivyo Gedion Kiptanui alivyoanza kila alipohadithia, na hiyo saa tisa alikuwa ameambiwa tu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Molo na viazi vyake, akibishana na mwenye lori. Aliporudi Kuresoi jioni alikuta nyumba ya udongo aliyoachiwa na baba yake imesimama bila paa, kitanda cha mama yake kimejaa mvua ya mawe, na mama mwenyewe, Chelangat, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi, mwenye miaka themanini na mmoja, yuko chini ya meza na sufuria kichwani, ameishika kwa mikono miwili.

"Umechelewa," mama alimwambia. "Chai imepoa."

Majirani waliokuwa wamejaa uani walicheka mpaka wakashika mbavu. Gedion hakucheka. Alimtoa mama chini ya meza, akamfuta maji usoni kwa kofia yake. Mabati mengine yalipatikana kwenye shamba la Kimaiyo, jirani wa upande wa chini, yamejikunja kama karatasi. Mengine hayajaonekana mpaka leo.

Huyu Gedion si mtu wa kuandikwa magazetini. Ana ekari tatu, ng'ombe wawili, mke anayeitwa Jebet, na binti mmoja, Cherop, aliye shule ya bweni huko Rongai. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya viazi, na tangu hapo hupima kila kitu kwa hatua zake, hata kaburi la baba yake alilipima hivyo. Ni mtu mwema, hilo nalisema mapema. Lakini ana ila moja iliyomgharimu kuliko zote: neno la kumtia hofu hulishika halimtoki, na neno la kumtuliza hupita kama halikusemwa.

Alipoamua kujenga nyumba mpya ya mawe, hakuanza na sebule kama watu wengine. Alianza na chumba cha dhoruba. Alimwita fundi Thuo kutoka Molo, mwashi wa miaka thelathini, mwenye maneno machache na penseli nyuma ya sikio. Wakasimama kwenye kiwanja kitupu, Gedion akachora ardhini kwa kijiti.

"Hapa," akasema. "Nyuma ya nyumba, kando ya chumba cha mathe, asitembee mbali. Hatua tatu kwa nne. Ukuta wa mawe, juu slabu. Nyumba yote ikienda, hiki kibaki."

"Window?"

"Hakuna window."

Thuo alikuna kichwa. "Boss, nikuambie kitu. Paa haibebwi na upepo ya juu. Inabebwa na ile imeingia ndani. Upepo ikiingia ndani ya nyumba ikose kwa kutokea, inasukuma mabati kutoka chini. Hapo umeisha."

Gedion alimtazama kwa mshangao mkubwa. Miaka yote hiyo alidhani upepo hung'oa paa kama mtu anavyovua kofia. Kumbe adui hupitia mlangoni! Maneno hayo yalimwingia na yakakaa. Thuo aliendelea kueleza mengine: kwamba zege la slabu halisukumwi na upepo kama mabati, kwamba mlango ufunguke kwa ndani ili vifusi vikiangukia nje watu wasifungiwe, na kwamba ni lazima aache venti nne kwenye ukuta wa nyuma, mbili juu na mbili chini, zenye kona ndani ili mvua ya mawe isipenye, watu wapate hewa. Gedion aliitikia kwa kichwa. Lakini akilini mwake bado alikuwa kwenye ule upepo unaoingia ndani.

Jioni hiyo, wakila ugali na mboga, Jebet aliuliza swali la maana.

"Baba Cherop, na baridi? Unajua mawe ikishuka hapa vile Kogo huganda. Atakaa hiyo saa yote kwa simiti?"

"Mtaingia na jiko," Gedion akasema bila hata kuinua macho. "Thuo anaacha venti. Hewa itakuwa."

Hakuna aliyeshtuka. Kuresoi ni baridi ya kukata masikio, na ifikapo Julai ni nyumba chache ambazo jiko la makaa haliingii chumbani. Watu huliacha liwake nje mpaka moshi uishe, kisha hulibeba ndani na kuamini kwamba moshi ukiisha hatari imeisha. Jebet aliamini hivyo, Kogo aliamini hivyo, na Gedion pia.

Nyumba ilikamilika kabla ya Krismasi. Chumba cha dhoruba kilikuwa na mlango mzito wa mbao na komeo la chuma kwa ndani, na Kimaiyo alipokiona akakiita benki. Gedion hakujali utani. Alinunua filimbi. Kila Jumamosi aliipuliza ghafla, na Jebet na Kogo walitakiwa waache chochote walichoshika waende chumbani, mmoja abebe blanketi, mwingine tochi, komeo lifungwe, na mlango usifunguliwe mpaka upepo unyamaze kabisa. Yeye alisimama nje na simu akihesabu dakika.

"Nimekimbia mvua miaka themanini bila filimbi," Kogo alilalamika, lakini alikwenda, akijikokota na mkongojo, kwa sababu alimpenda huyo mwanawe mwoga.

Februari ikaja na ule upepo mkavu unaoshuka kutoka msitu wa Mau. Jumapili moja Jebet na Kogo walikwenda kanisani, Gedion akabaki kumwangalia ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Akiwa anapita kwenye korido alisikia mluzi. Akafungua chumba cha dhoruba. Upepo ulikuwa ukiingia kwenye venti, ukilia, na vumbi jepesi lilikuwa limetanda sakafuni.

Upepo umo ndani! Ndani ya chumba chenyewe! Maneno ya Thuo yalimrudia yote, au tuseme nusu yake, ile nusu aliyoishika. Alikwenda stoo akakata gunia la viazi vipandevipande. Gunia likamwishia kwenye venti ya tatu, akachukua sweta ya kijani ya mama yake, iliyochanika viwiko na kutupwa kwenye kikapu cha matambara, akaishindilia kwenye ya nne. Kisha akakoroga simiti kidogo iliyobaki, akapiga plasta ndani na nje. Ilipokauka siku ya pili alipaka rangi ileile ya maziwa. Ukuta ukawa laini kama haujawahi kuwa na tundu.

Hakumwambia mtu. Haikuwa siri, aliona tu ni kazi ndogo isiyo na habari. Kuhusu jiko, hakukumbuka kabisa kwamba aliwahi kulitaja.

Dhoruba yenyewe ilikuja Aprili, Jumanne, na Gedion alikuwa barabarani tena. Alikuwa amepeleka viazi kwenye lori, kilomita nne kutoka nyumbani, alipoona wingu la rangi ya jeraha limeinuka upande wa msitu. Akapiga simu.

"Ingieni!"

"Tumeshaanza kuingia," Jebet akasema, na nyuma ya sauti yake Gedion alimsikia mama yake akicheka kwamba leo filimbi imesahaulika.

Mvua ya mawe ilipiga kwa zaidi ya nusu saa. Gedion alijibanza chini ya lori na watu wengine, akiona ulimwengu unageuka mweupe, akisikia mabati ya soko yakichanika. Ilipopungua alianza kukimbia. Alikimbia kwenye mawe ya barafu yanayoteleza, akaanguka mara mbili, akapita nyumba ya Kimaiyo na kuona nusu ya paa imelala kwenye mahindi, akapita boma jingine ambalo banda lake la jikoni halikuwepo tena. Alipofika kwenye geti lake alisimama kama amepigwa na radi.

Nyumba ilikuwa nzima. Kila bati lilikuwa mahali pake. Gedion alicheka kwa sauti, peke yake, machozi yakimtoka. Safari hii, alijiambia, safari hii sijachelewa.

"Jebet!" aliita akiingia. "Kogo! Tokeni mwone!"

Korido ilikuwa kimya. Aligonga mlango mzito, akagonga tena kwa ngumi, akadhani wanamtania kwa sababu ya zile Jumamosi. Akausukuma. Komeo lilikuwa limevutwa nusu, likaachia, lakini mlango uliposogea kidogo ukakwama kwenye kitu laini. Akasukuma kwa bega na kuona mkono wa mke wake sakafuni, vidole vimeelekea kwenye komeo.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Hicho ndicho kilichomtisha baadaye kuliko yote, kwamba kitu cha kwanza alichokisikia mwilini ni joto zuri baada ya barafu. Hapakuwa na moshi wala harufu yoyote. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa bado mekundu. Kogo Chelangat alikuwa ameketi kwenye kiti chake, blanketi magotini, kichwa kimeinama kama mtu aliyesinzia kanisani.

Alimburuta Jebet mpaka uani, akamlaza juu ya mawe ya barafu, naye akakohoa, akatapika, akafungua macho asijue yuko wapi. Gedion akarudi mbio kumchukua mama. Alikuwa mwepesi mno. Alimwita, akampiga mashavu, akamwita tena kwa jina alilomwita akiwa mtoto. Kimaiyo alikuja na pikapu bila kuulizwa mara mbili, akiwa ameacha paa lake lilipolala, wakaenda hospitali wote wanne. Mmoja hakuwa na haja tena ya hospitali, ingawa Gedion aliendelea kumshika mkono njia nzima ili usipoe.

Daktari alikuwa msichana mdogo, macho yamechoka. Alimwekea Jebet hewa puani, kisha akamwita Gedion kando.

"Walikuwa na jiko la makaa ndani?"

"Ndiyo."

"Makaa hutoa sumu ambayo haionekani, haina harufu. Mtu anasinzia tu. Chumba kilikuwa na pahali pa hewa?"

Gedion alifungua mdomo. Alikiona kile kipande cha gunia mkononi mwake, waziwazi, kana kwamba alikuwa amekishika pale hospitalini. Tangu Februari alikuwa hajakifikiria hata mara moja. Akashika ukuta.

"Kuna venti," akasema. "Nne."

Daktari alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hata kukiwa na venti, jiko la makaa haliingii pahali watu wamejifungia. Waambie watu wenu. Lakini pengine hilo jiko lilikuwa limejazwa sana."

Lilijazwa na Jebet. Maneno yale yalitoka hospitalini kabla ya maiti, yakafika Kuresoi kabla ya Gedion, na kufikia Alhamisi kijiji kizima kilikuwa kikijua kwamba Kogo ameuawa na jiko la mkaza mwana wake. Hakuna aliyelisema kwa ubaya. Walilisema kwa kushangaa na kunyamaza Jebet alipopita.

Aliyelisema kwa ubaya ni Chepchumba, dada yake Gedion aliyeolewa Rongai. Alifika akilia kutoka getini, akamkuta Jebet jikoni.

"Jebet, ulijaza jiko ukawekea mama yangu? Kwa chumba kimefungwa?"

"Alikuwa anatetemeka," Jebet akasema. "Baba Cherop alisema tuingie nayo. Alisema hewa iko."

"Na si iko? Venti si ziko? Ni wewe ulijaza!"

Jebet alimgeukia mume wake. Gedion alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alisema, "Chepchumba, wacha kelele, watu wanasikia," kisha akatoka kwenda kupima hatua za kaburi. Naona aibu kulisimulia hilo, lakini ndivyo alivyofanya. Tangu siku hiyo Jebet aliacha kula, na chai aliyopewa ilipoa mkononi.

Jumatatu fundi Thuo alikuja kutoa pole. Alisalimia, akakaa kidogo na wazee, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kuona jinsi slabu ilivyostahimili. Gedion alimfuata, miguu mizito. Alimkuta Thuo amesimama mbele ya ukuta, mkono umenyooshwa, akipapasa plasta laini taratibu, juu, kisha chini.

"Boss," Thuo akasema bila kugeuka. "Venti zangu ziko wapi?"

Gedion aliitazama ile plasta.

"Niliacha nne. Nilizipiga kona na mkono yangu mwenyewe." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Wewe! Uliziba?"

"Upepo ulikuwa unaingia. Wewe ndiye uliniambia upepo ikiingia..."

"Nilikuambia ikose kwa kutokea!" Thuo alishika kichwa kwa mikono miwili, penseli ikaanguka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mke wako amekaa huko jikoni, kila mtu anamwangalia vibaya. Mimi sitasema, ni nyumba yako. Lakini nikuambie, Kimaiyo ameniita. Wengine wawili pia. Wameona yako imesimama, wanataka kama hiyo hiyo. Niwajengee aje?"

Aliokota penseli yake akaondoka.

Mazishi yalikuwa siku iliyofuata, saa tano asubuhi. Uani kulijaa watu. Mchungaji aliomba, wazee wakamsifu Kogo, mtu mmoja akasimulia habari ya sufuria na watu wakacheka kidogo huku wakijifuta macho. Kisha Gedion akaitwa, kama mtoto wa kwanza, aseme machache. Alisimama mbele ya jeneza. Jebet alikuwa ameketi mwisho wa mstari wa familia, na kati yake na Chepchumba kulikuwa na viti viwili vitupu ambavyo hakuna mtu aliyethubutu kuvikalia.

"Wale wanataka kujenga chumba kama changu," Gedion alisema, "wakuje."

Watu walitazamana. Mchungaji alidhani huzuni imemzidi, akasimama kumshika, lakini Gedion alikuwa ameshaondoka. Alipita stoo akachukua nyundo na patasi, akazunguka nyuma ya nyumba, na umati ukamfuata ukinong'ona. Alipima kwa kiganja kutoka kwenye kona ya ukuta. Akapiga. Watu waliruka. Akapiga tena, plasta ikapasuka na kuanguka vipande, na kwenye jiwe kukatokea tundu la mraba lililojaa gunia.

"Hii ni venti," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Thuo aliacha. Mimi niliziba."

Alivuta gunia likatoka kwa shida, akalitupa chini. Akahamia ya pili, kisha ya tatu, akapiga bila kupumzika, vumbi la simiti likamjaa nyusi. Ya nne ilipofunguka aliingiza mkono akavuta, na kilichotoka ni sweta ya kijani. Chepchumba alipiga ukelele. Ile sweta yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia mama yao.

"Jiko ni mimi nilisema waingie nayo," Gedion aliendelea, akiishika sweta. "Jebet alifanya vile niliwaambia. Daktari aliniuliza kama kuna hewa. Nikasema iko. Nilijua haiko." Akamtafuta Kimaiyo kwa macho. "Kimaiyo, jenga. Lakini venti usiguse, na jiko isiingie hata kama venti ni ishirini. Blanketi tu."

Kimaiyo alikuwa mdomo wazi. Wanawake wawili nyuma walikuwa wameshikana mikono. Mmoja wao alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba na yeye amejaza matambara kwenye venti za chumba cha watoto.

Watu walipisha. Jebet alikuwa amekuja, leso imemlegea kichwani, akitembea kama mgonjwa. Alifika ukutani akayatazama yale matundu manne, moja baada ya jingine. Akainama akaokota kipande cha gunia, akakigeuza mkononi. Gedion alingoja amtukane. Alingoja ampige, na hakika angefurahi kupigwa.

"Siku saba," Jebet akasema. "Siku saba, Gedion. Nimeosha mwili ya mama yako na hii mikono, nikiwaza ni hii imemuua. Na wewe ulikuwa unaniangalia."

Katika miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake mbele ya watu.

Chepchumba alijipenyeza kati ya watu, akapiga magoti mbele ya Jebet, akamshika miguu. Jebet alimwinua. Wakaondoka wawili hao, wameegemeana, kurudi kwenye jeneza, na watu wakawafuata mmoja mmoja mpaka nyuma ya nyumba pakabaki Gedion na Thuo.

Thuo alichukua patasi mkononi mwake, akaanza kusafisha kingo za tundu la kwanza.

"Nenda uzike mama," akasema. "Hii nitamaliza."